Makapi ya miwa: nimepika karatasi, imetoka mkate wa mofa

Miwa Baridi, Kongowea

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mie nauza maji ya miwa. Nina mashine mbili, moja iko karibu na soko la Kongowea na nyengine kijana wangu huisukuma mpaka ufuoni mwisho wa wiki. Tangawizi, ndimu, barafu, mambo yenyewe mwayajua. Swali langu leo si la juisi, ni la kile kinachobaki baada ya juisi.

Siku ya jua kali mashine moja hunitolea gunia mbili za makapi, Jumamosi hata tatu. Na makapi hayawekeki. Yakilala usiku mmoja yananuka chachu, nzi na nyuki wanahamia, jirani yangu muuza mahamri ananuna. Kwa hivyo kila jioni namlipa kijana wa mkokoteni aniondolee. Nikimuuliza huyapeleka wapi hunijibu "mbele". Juzi nilipita mtaro mmoja nikayaona makapi yangu yamejazana humo. Nayajua ni yangu kwa sababu miwa yangu naikata dhiraa moja moja, hakuna mwengine anayekata hivyo pale sokoni. Haya ilinishika mie, si yeye.

Sasa mpwa wangu aliye chuoni akanionyesha kwenye simu sahani na vibakuli vya chakula vilivyotengenezwa kwa makapi ya miwa, na karatasi ya chooni ya mianzi. "Mjomba, takataka yako ndiyo hii," akaniambia. Basi usingizi ukaniruka.

Nikajaribu. Nilianika makapi darini siku tatu, nikayakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, nikayatia kwenye sufuria ya pilau, ile kubwa ya harusini. Nikajaza maji, nikamimina kostiki soda, ile wanayopikia sabuni. Kupima sikupima. Moto haujashika vizuri sufuria ikaanza kutokota yenyewe! Povu la kijivu likapanda, mvuke ukatuchoma koo, mke wangu kapiga ukelele hadi majirani wakatoka. Tulipomwaga tukaona sufuria imeliwa ndani, imekuwa kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga, na kitako kina tundu la sindano. Na sufuria yenyewe ilikuwa ya kuazima, ya dadake mke wangu. Kesi hiyo bado haijaisha.

Mara ya pili nilitumia pipa la chuma lililokatwa nusu. Nilipika tangu baada ya adhuhuri mpaka magharibi, maji yakawa meusi kama kahawa tungu. Nikaosha, nikatwanga kwenye kinu, nikalichota rojo kwa wavu wa mbu nilioupigilia misumari kwenye fremu ya dirisha, nikaanika. Kesho yake nikabandua karatasi! Rangi ya biskuti. Ukiitazama kwa mbali utasema mashallah. Ukiikunja, tak, inakatika kama mkate wa mofa uliolala siku mbili. Ukiipapasa inakuachia unga mkononi.

Kwa hivyo wenye ujuzi, nini kinaikata? Nikichanganya na mianzi itashikana? Kuna mtu anayenunua rojo lenyewe? Na yale maji meusi niyamwage wapi? Nimeyatia kwenye mitungi mitatu nyuma ya nyumba, na mke wangu amenipa mpaka Ijumaa.

Shemeji wa Watu, Bamburi

Sufuria kwanza. Mnunulie mwenzio sufuria ndipo uje tuzungumze karatasi.

Fundi Boila, Changamwe

Ndugu Miwa Baridi, pole, lakini una bahati. Nilifanya kazi kiwanda cha karatasi miaka 19, sikitaji jina, kwa hivyo nitakueleza nilichokiona kwa macho.

Sufuria ya pilau ni alumini. Alumini na kostiki hazikai nyumba moja. Kostiki huila alumini, na ule mtokoto uliouona ni gesi ya haidrojeni inatoka, gesi inayoshika moto. Lau ungekuwa umefunika na makaa yamekolea, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Tumia chuma au stenlesi. Na soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, usimimine maji juu ya soda hata siku moja. Vaa miwani. Nina mwenzangu alipoteza jicho kwa tone moja tu.

Sasa karatasi yako. Chukua kipande cha muwa uliokamuliwa ukipasue kwa kucha. Utaona vitu viwili. Karibu na ganda kuna nyuzi ngumu, na katikati kuna kitu laini kama sifongo, ndicho kilichokuwa kimeshika maji ya sukari. Sisi tulikiita moyo. Moyo si uzi, ni vifuko vidogo vidogo visivyo na urefu wa kushikana na mwenzake. Kama theluthi ya makapi yako ni moyo. Ukiupika pamoja na nyuzi, moyo unakunywa kostiki yako bure, rojo halichuji maji, na karatasi ikikauka inakazana na kukatika. Ule unga mkononi mwako ni moyo.

Kiwandani kuna mashine za kuutoa, zinapiga makapi kwa nyundo huku yanapita kwenye chekeche. Wewe unayo mashine hiyo nyumbani, inaitwa ungo. Anika makapi yakauke hasa, yatie kwenye gunia uyapige kwa mchi, kisha pepeta kama unavyopepeta mchele. Nyuzi zitabaki, moyo utaanguka. Funga pua na mdomo unapofanya kazi hiyo, na makapi yaliyoota ukungu usiyaguse kabisa. Vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu ambao umepewa jina la makapi yenyewe, bagasosi. Mtu anakohoa na kupata homa, anadhani ni malaria.

Ndiyo, mianzi itasaidia. Uzi wa muwa una urefu wa milimita 1 hadi 1.5 hivi. Wa mwanzi unafika 2 hadi 3. Wa msonobari unafika 3 na kupita, na ndiyo maana Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi cha Webuye, kabla hakijafungwa 2009, kilitegemea misonobari. Nyuzi fupi zinafanya karatasi iwe laini na ichapike vizuri, nyuzi ndefu zinaifanya isipasuke. Tia sehemu saba za muwa na tatu za mwanzi, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Lakini usipike chungu kimoja. Mwanzi ni mgumu, una lignini nyingi kuliko muwa, na lignini ndiyo gundi inayoshika nyuzi, ndiyo tunayoiyeyusha. Mwanzi ukiiva, muwa utakuwa umeshakuwa uji. Kiwandani chungu kina presha na joto la sentigredi 160 hadi 170, muwa unaiva haraka mno, mwanzi unataka saa kadhaa. Kwako wewe bila presha, maji hayapiti 100, hesabu saa tatu nne kwa muwa na siku nzima kwa mwanzi uliopondwa. Soda, kwa kila kilo 10 za nyuzi kavu za muwa, tia kilo moja na nusu. Mwanzi, kilo mbili. Zaidi ya hapo unaanza kula uzi wenyewe.

Osha mpaka maji yasiteleze kati ya vidole. Na maji ya mwisho yasiwe ya kisima chenye chumvi. Sote twavijua visima vyetu vya Mombasa. Chumvi ikibaki kwenye karatasi inavuta unyevu, na ikifika masika karatasi inalegea kama bajia ya jana.

Nimebakisha maji meusi makusudi, kwa sababu hapo ndipo viwanda vinapofia. Mle mna soda, lignini na sukari zilizoyeyuka. Nusu ya kile ulichokitia chunguni imegeuka maji hayo. Kiwanda kikubwa kinayachemsha mpaka yanakuwa mazito kama shira, kisha yanarushwa kwenye boila yake maalumu, yanaungua, yanatoa mvuke, na soda inarudi chini kutumika tena. Boila hiyo ndiyo niliyoitumikia miaka 19. Bei yake si ya mtu mmoja. Na kwa miwa na mianzi kuna balaa la ziada, silika, mchanga ulioko ndani ya mmea wenyewe. Unayeyuka kwenye soda kisha unaganda ndani ya mabomba kama ukoko wa birika, ila ukoko huu hautoki kwa siki. Tulikuwa tunasimamisha kazi, tunaingia na patasi na nyundo.

Mdogo asiye na boila hiyo humwaga mtoni. Uchina 1996 walifunga kwa mkupuo viwanda vidogo vingi vya karatasi kwenye bonde la mto Huai kwa sababu hiyo, vingi vilikuwa vikipika mabua ya ngano. Kwako mtaro unashuka hori ya Tudor, kwenye mikoko. Maji yale yanakula hewa ya majini, samaki hawapati kitu. Mitungi yako mitatu itumie kupikia mara ya pili, nusu maji meusi nusu maji mapya, na soda uipunguze kidogo. Ila huo si mwisho wa tatizo, ni kulisogeza tu. Ukiniuliza mie, kostiki iache.

Miwa Baridi, Kongowea

Fundi, Mungu akuweke. Nimepasua muwa kwa kucha hapa hapa kazini, nikauona moyo. Miaka kumi na mmoja nakamua muwa sijawahi kuutazama.

Sasa nikiiacha kostiki natumia nini? Majivu nilijaribu, makapi yalitoka kama yalivyoingia, yamebadilika rangi tu.

Bi Ukili, Mji wa Kale

Mwanangu, tumia chokaa.

Mie zamani nilisuka mikeka, macho yakachoka, nikahamia karatasi za mkono. Nafanya kadi za harusi na vivuli vya taa. Kostiki haikanyagi ua wangu, nina wajukuu. Huko Uchina, karne na karne, walikuwa wakikata mianzi michanga, ile ya mwaka wake wa kwanza ambayo haijakomaa, wanailaza kwenye mashimo ya maji ya chokaa miezi kadhaa, wanaipika, wanaiosha, wanaiponda. Hawakuwa na boila ya Fundi, walikuwa na subira.

Na chokaa sisi pwani si watu wa kufundishwa. Nyumba hizi za Mji wa Kale zimesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mimi huweka pipa la plastiki, natia nyuzi zilizopepetwa kama alivyosema Fundi (yeye asema moyo, mie nauita machicha), natia maji ya chokaa mazito kama maziwa, nafunika. Nageuza kila baada ya siku mbili. Wiki ya tatu nyuzi zinaanza kuachana ukizivuta. Hapo nachemsha mchana mzima kwenye maji hayo hayo, naosha, natwanga. Kutwanga usikuonee uvivu. Ukidhani umemaliza, endelea saa nzima. Chukua kijiko cha rojo ukitie kwenye gilasi ya maji, tikisa, inua juani. Ukiona vinyuzi vinaelea kila kimoja peke yake kama wingu, basi. Ukiona mabonge, rudi kinuni.

Haitoi karatasi nyeupe, na haiivi kama ya kostiki, utabaki na vijiti viwili vitatu ndani. Wateja wangu wanavipenda vile vijiti, wanasema ndiyo urembo wenyewe. Mtu akitaka nyeupe mwambie aende dukani.

Maji ya chokaa nayo usiyamwage mbichi, yanachoma. Yaache wazi kwenye beseni pana. Yataota utando juu, ule utando ni hewa inaigeuza chokaa kuwa jiwe tena. Uvunje kwa mti, unazama, mwengine unaota. Mpaka utando uishe kuota. Masalia ya chini mie nayachanganya na mboji, minazi haijanilalamikia.

Mianzi usinunue. Nenda kwa wasukaji wa malema, ile mitego ya samaki. Wanapasua mianzi kutwa na vipande vifupi wanavitupa au wanakokea moto. Mie nachukua vya binamu yangu kule Mtongwe. Ila kile ni kikavu na kimekomaa, kiponde kwanza kwa jiwe mpaka kiwe kama mswaki, na ukilaze chokaani mara mbili ya muda wa muwa.

Hesabu Kwanza, Likoni

Mie si mpishi, ni mtu wa kalamu, niruhusuni niharibu sherehe.

Miwa Baridi, gunia zako nne kwa siku, tuseme kila moja ina kilo 15 za makapi mabichi. Hizo ni 60. Zikikauka zinabaki 30. Toa moyo, 20. Pika, nusu inayeyuka, umebaki na kilo 10 za karatasi. Kwa njia ya kostiki umeshatumia kilo 3 za soda, kuni, na maji ya mitungi unayoyanunua. Kwa kilo 10! Ulizia wanaonunua maboksi makuukuu hapo sokoni wanalipa ngapi kwa kilo, ndiyo bei utakayoshindana nayo ukitaka kuuza rojo. Hakuna kiwanda kitakachotuma gari kuchukua kilo 10.

Na usidhani ukienda kiwanda cha sukari Kwale utapewa makapi ya kuongezea. Kwenye sukari makapi si takataka, ndiyo kuni. Yanaingia boila, yanatoa mvuke wa kuendesha mitambo, na umeme. Mtu akiyataka lazima alete moto mwengine badala yake. India wako waliofanya hivyo hasa. Kiwanda cha Tamil Nadu Newsprint and Papers, kilichoanzishwa 1979, kinachukua makapi kwa viwanda vya sukari na kuwapa makaa ya mawe au mvuke badala yake. Mali kwa mali. Ila wale wana marundo ya makapi makubwa kama kilima, wanayamwagia maji mfululizo yasioze wala yasishike moto.

Ushauri wangu ni trei za mayai. Trei ni maboksi na magazeti yaliyolowekwa tu, hazipikwi, hazitaki soda. Chukua rojo lako la muwa la kilo 10, lichanganye na la maboksi kilo 30, umepata mzigo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watu wanatafuta kila aina ya kifungashio. Zile sahani alizokuonyesha mpwa wako zisahau kwa sasa, zinataka kalibu ya chuma yenye joto la kukausha na kukandamiza kwa pamoja. Na sahani ya makapi matupu ukiitilia mchuzi inalowa. Kwa miaka walikuwa wanazitia kemikali za kuzuia mafuta, sasa nchi nyingi zinazikataa kemikali hizo.

Bi Ukili, Mji wa Kale

Hesabu Kwanza, trei za mayai huuzwa kwa mamia. Kadi moja ya harusi mie nauza peke yake. Kilo 10 za karatasi unajua ni kadi ngapi?

Hesabu Kwanza, Likoni

Bi, kwa kilo 10, karatasi ya gramu 10 kila moja, ni kadi elfu moja. Kwa siku. Mombasa haina harusi hizo.

Bi Ukili, Mji wa Kale

Basi asipike kila siku.

Fundi Boila, Changamwe

Nyote mna haki. Mie naongeza moja. Gunia moja la makapi apike, tatu zilizobaki atafute mtu wa ng'ombe au wa mboji azichukue zikiwa mbichi, siku hiyo hiyo, zisilale. Na akitaka kufanya kikubwa zaidi ya ua wake, aende kwanza NEMA, wale wa mazingira, kuuliza kuhusu maji machafu, asingoje waje wao. Miche ya mianzi aulizie KEFRI, wale wa utafiti wa misitu, pale Gede wana kituo chao. Mwanzi wa manjano unaota vizuri pwani, lakini kwa kupika subiri ufike miaka mitatu.

Miwa Baridi, Kongowea

Nimerudi, wiki tano zimepita, samahani kwa kimya.

Sufuria nimelipa. Mpya, na ya ziada juu, maana shemeji yangu hakukubali sufuria kwa sufuria.

Gunia tatu kila siku huchukuliwa na mzee mmoja wa Kisauni mwenye ng'ombe wa maziwa, haji mwenyewe, anamtuma yule yule kijana wa mkokoteni. Kwa hivyo sasa najua "mbele" ni wapi. Mitungi miwili ya maji meusi nimeimaliza kwa kupikia mara mbili, na wa tatu upo, nimeufunga na kuuandika kwa rangi nyekundu.

Pipa la chokaa nililianza siku ile ile aliyoandika Bi Ukili. Nimepepeta kwa ungo wa marehemu mama. Moyo unaanguka mwingi kuliko nilivyodhani, mwepesi kama pamba, upepo wa kusi uliuchukua nusu ukaupeleka kwenye mahamri ya jirani. Tumegombana tena. Mianzi nilipata mapande ya malema, nikaponda mie na kijana wangu mpaka mikono ikaota malengelenge, lakini kwenye chokaa bado imekaza, kwa hivyo nimetia ile iliyolegea tu, pengine sehemu moja kwa tisa.

Karatasi ya jana nimeikunja mara nne. Haikukatika! Kwenye mkunjo imeota mstari mweupe, na ukivuta kwa nguvu inachanika, lakini inachanika kama karatasi, kwa manyoya, si kwa tak. Ina vijiti. Mke wangu ameikatia bahasha ya kuwekea risiti za duka, na sijaambiwa tena habari ya Ijumaa.

Swali moja kwa Bi Ukili. Upande uliolalia wavu wa mbu unatoka na alama za matundu, kama ngozi ya kuku. Wewe wafanyaje?

Bi Ukili, Mji wa Kale

Mwanangu, usiianike juu ya wavu. Ikishachuja, igeuzie juu ya kitambaa cha pamba, kanga kuukuu ni nzuri, weka kitambaa chengine juu, ubao, na mawe mawili. Usiku mzima. Asubuhi ibandike kwenye ukuta uliopakwa chokaa, upande wa kivuli, itajibandua yenyewe ikikauka. Kanga iwe imefuliwa mara nyingi. Ile mpya itakuachia rangi.

Shemeji wa Watu, Bamburi

Na hiyo kanga usiiazime.